Mama Alisema Haiko

Msichana aliyekuja na picha ile alikuwa ameshachoka kuuliza. Nilimwona tangu mlangoni: viatu vimejaa vumbi la barabara ya Kamanyola, simu mkononi, na lile tabasamu la mtu aliyeambiwa "sijui" na watu wengi mpaka akalizoea. Anaitwa Furaha, mtoto wa hapa hapa Uvira, amesomea mimea. Alikaa, akakubali chai, kisha akanionyesha picha ya karatasi ngumu iliyoshonewa mmea mkavu, wa kahawia mtupu, majani matatu na ua moja lililobanwa likawa bapa. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu litakuwa nini: "Mama, weye unajuaka majani moja banaita kagumu?"

Nilikiweka kikombe chini. Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu tulipomzika mama yangu. Duniani kote lilikuwa na mdomo mmoja tu, wa mama, na wa pili ulikuwa wangu nilipokuwa mdogo na kuiga kila alichosema yeye. Sasa mgeni analitamka sebuleni kwangu, akilisoma kwenye karatasi iliyotoka Ulaya.

Furaha akanieleza kisa chake. Mmea huo ulichumwa zamani za Wabelgiji, juu ya mwamba mmoja tu katika milima yetu, na mzungu aliyeuchuma aliupeleka kwao, akaupa jina refu la Kilatini na kuutangaza kuwa aina mpya. Tangu hapo hakuna msomi aliyeuona tena. Furaha alikuwa ametembea Kamanyola, akashuka Nyakabere, akapanda mpaka Mulenge akiuliza kagumu, kagumu, kagumu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hilo. Kwa hiyo wakubwa wake walitaka kuandika kwamba mmea umetoweka. Na juu ya hapo waandike kwamba wenyeji hawaujui. "Banasema batu ya huku bameusahau, Mama," aliniambia, naye mwenyewe akaona haya.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikakasirika, na ndiyo hasira hiyo inayoniandikisha haya, kwa ajili yenu mliozaliwa wakati wangu na mnaokumbuka jinsi watu walivyokuja kutuuliza mambo yetu, wakaondoka na nusu ya jibu, wakalifanya kitabu. Nitawasimulia yote isipokuwa jina la kijito. Hilo sitalitaja, hata mkinibembeleza.

Tulikaa upande wa juu wa mji, pale nyumba za mwisho zilipogusa mguu wa mlima. Baba alipakia mizigo bandarini Kalundu, akitoka alfajiri na kurudi amechoka kiasi cha kutotaka kuongea. Mchana nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na babu yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Tate, kama tunavyowaita mababu huku kwetu. Tate alikuwa ametoka Nyakabere, bondeni, baada ya kufiwa na mkewe, akahamia kwetu na kiti chake, kiko chake na majivuno yake. Jina lake lilikuwa Rutare. Kwa Kirundi cha bonde, rutare ni mwamba, jiwe kubwa lisilosogezwa na mtu, naye aliamini kwamba wazazi wake hawakukosea hata kidogo.

Sasa, mnajua desturi ilivyokuwa, ila wajukuu wenu hawaijui. Mwanamke aliyeolewa hakulitaja jina la baba mkwe wake. Si jina tu, hata neno lolote lililofanana nalo aliliruka, akatafuta lingine la kuliziba. Jirani yetu, ambaye baba mkwe wake aliitwa kwa jina la ng'ombe, alizeeka akisema "wale wenye pembe." Mama yangu alipata balaa kubwa zaidi, kwa sababu mji wetu wote umeegemea miamba. Asingeweza kutembea hatua kumi bila kukutana na jina la mkwewe. Akachukua neno la Kiswahili, akalivalisha nguo ya nyumbani, na mwamba wowote kwake ukawa "kigumu," na jiwe dogo "kagumu." Tate alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, basi na mkamwana mmoja tu, na ndiyo maana maneno hayo hayakuwa na mtu mwingine wa kuyasema.

Tate aliupenda mchezo huo kupita kiasi. Akikaa mlangoni na kiko chake alikuwa akimtega. "Mukamwana, nguo umeanika wapi?" Mama anajibu bila kugeuka, "Kwenye kigumu, Baba." "Na pale mutoni, batu banafuliaka juu ya nini?" "Juu ya bigumu, Baba." "Na ule mulima, ndani yake iko nini?" "Iko mambo mingi, Baba." Tate anacheka mpaka kiko kinazimika. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeshaamua, kwa akili zangu za mtoto wa miaka saba au minane, kwamba mama halitaji jina lile kwa sababu akilitaja Tate atakufa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu jinsi mama alivyojihadhari, nami nilijua mtu mzima hajihadhari hivyo bila kifo. Kila Tate alipomtega, nilimwona babu yangu kuwa mzee mjinga anayechezea shingo yake mwenyewe.

Juu ya nyumba yetu kulikuwa na kijito, na kando ya kijito mwamba mpana uliokuwa na unyevu siku zote. Hapo ndipo ulipoota mmea wenyewe. Ulikuwa na majani mazito yenye vinyweleo, yamelala kabisa juu ya jiwe, na maua ya zambarau yenye ulimi mweupe. Ukilisugua jani, lilitoa harufu ya limau lililoangukia majivuni. Wanawake wote, wa bondeni na wa huku ziwani, waliuita karutare, yaani katoto ka mwamba. Mama aliuita kagumu. Nami, niliyejifunza kusema kwenye mgongo wake, niliuita kagumu, na wenzangu walinicheka kila tulipopanda kuchota maji.

Mmea huo ulikuwa wa kuogeshea mtoto mchanga. Siku ya kuzaliwa majani yalitiwa kwenye maji ya vuguvugu, mtoto akaogeshwa, na chumba kizima kikanukia. Mama alikuwa amezika watoto wawili baada yangu. Wote wawili walizaliwa wakati wa ukame, mwamba umekauka, majani hayakupatikana. Sisemi kwamba jani lingewaokoa. Sijui. Nasema kwamba mama alijua hivyo, na mwaka ninaousimulia tumbo lake lilikuwa kubwa tena, na kila siku chache alipanda kwenda kuutazama ule mmea kama mtu anayekwenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Ndipo akaja Bwana Majani. Jina lake la kweli hatukulijua wala hatukulitafuta. Alikuwa mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, anayetembea ameinama, na watu walisema amepoteza kitu. Alifuatana na karani wake, Anselme, mtu mzima wa Kamanyola, mwenye Kifaransa safi na suruali iliyopigwa pasi hata mlimani. Anselme ndiye aliyebeba fremu mbili za fito za mbao zilizofungwa kwa mikanda ya ngozi, na katikati yake rundo la magazeti ya Ulaya. Mzungu aling'oa mmea, akautandaza juu ya gazeti, akaufunika kwa gazeti jingine, kisha Anselme akakaza mikanda kwa goti. Mimi nilidhani wanaulaza. Nilipouona mmea mmoja umewekwa juu ya picha ya bibi wa kizungu mwenye kofia, niliuonea wivu kwa kulala na mtu mzuri hivyo.

Walitukuta pale mwambani, mama na mimi, kikapu chetu kikiwa na majani machache ndani. Bwana Majani alipouona mmea alipiga magoti. Sijawahi kumwona mzungu akipiga magoti nje ya kanisa. Alitoa kioo cha kukuzia, akachungulia ndani ya ua, akasema maneno mengi ya haraka, na Anselme akatutafsiria.

"Mama, bwana anasema iyi majani ni mupya. Kwabo Ulaya habaijue."

 Nilisogea kuutazama huo upya. Jipya nililolijua lilikuwa kitambaa cha dukani, chenye harufu ya duka. Mmea huu ulikuwa na jani moja limeoza ukingoni na jingine limeliwa na konokono. Mpya gani huu? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeogeshwa nao. Nilimwona mzungu yule kuwa mtu wa kuhurumiwa, amekuja kutoka mbali kote huko, hajui hata kutofautisha kipya na kikuukuu.

"Jina yake ni nani?" Anselme akauliza, kalamu mkononi.

"Kagumu," mama akasema.

"Kagumu?" Anselme akakunja uso. "Minye natoka Kamanyola, iyo jina sijasikiaka. Mama, sema jina ya kweli. Bwana ataiandika mu kitabu."

Mama akatazama chini. "Njo ile nimesema."

"Mama, usiogope. Sema tu. Jina yenye batu bote banasemaka."

Mama akakivuta kikapu kifuani. Nikaelewa, kwa uelewa wangu ule wa kombo, kwamba mtu huyu mwenye suruali iliyonyooka anamtaka mama amuue Tate, hapa hapa, kwa ajili ya kitabu. Mimi ningeweza kulitaja jina. Mjukuu hakatazwi. Neno moja kutoka kwangu na mambo yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini nilikuwa nimekasirika, nikajitupa mbele ya mama na kupiga kelele: "Ni kagumu! Minye pia nasemaka kagumu!"

Bwana Majani akacheka. Akamwambia Anselme kitu, na Anselme akaandika. Hivyo ndivyo neno la mama yangu lilivyopanda meli.

Kisha wakaanza kung'oa. Sikuwa nimefikiri wangehitaji mingi. Nilidhani mmoja utatosha, kama mtu anavyoomba kiberiti kwa jirani. Bwana Majani alitia kisu chini ya kila mmea, akaunyanyua na mizizi yake, yote iliyochanua, kisha na ile ambayo haijachanua, mpaka mwamba ukabaki na madoa meupe. Anselme alijaribu kusema kitu kwa Kifaransa akionyesha tumbo la mama, naye mzungu akaitikia kwa kichwa kwa upole na kuendelea. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa na furaha, basi, na mtu mwenye furaha ya namna ile haoni mwingine. Mama alisimama pale na kikapu chake mpaka walipomaliza, kisha akanishika mkono tukashuka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kumfanyia mtu.

Yeye na mimi tulijua kitu kimoja ambacho Bwana Majani hakukijua. Kijito kile, ukikifuata juu zaidi, kuna mahali maji yanapoanguka, na nyuma ya maji kuna ukuta wa mwamba usiopigwa na jua. Huko mmea ulikuwepo pia. Mama alipanda siku chache baadaye, tumbo lile lile, akarudi na majani ndani ya nguo yake. Aliniambia sentensi moja tu: "Kule juu, weye haukuonaka kitu."

Bwana Majani alirudi. Safari hii alikuja mpaka nyumbani, na pamoja na Anselme alikuwapo polisi wa chifu mwenye fimbo. Mama alikuwa uani akitandaza ndagala juani, na majani ya kagumu, aliyokuwa akiyaanika kivulini, alikuwa ameyasukuma chini ya mkeka wa ndagala aliposikia viatu. Moja lilibaki nje. Nililiona, nikalikanyaga kwa mguu wangu mtupu, na hapo nikabaki kama mti.

Tate alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Hakuna mgeni aliyepita pale bila kuambiwa jina la mzee huyo, basi naye akajitangaza kwa sauti: "Minye njo Rutare, wa Nyakabere! Karibu!"

Anselme alisimama. Alimtazama Tate, kisha akamtazama mama aliyekuwa ameinamia samaki wake, na nikaona kitu kikipita usoni mwake taratibu. Mtu wa Kamanyola anaijua desturi kama sisi. Wakati ule mimi sikuelewa ameona nini, niliona tu kwamba karani ameirudisha kalamu mfukoni.

Bwana Majani alieleza haja yake. Alitaka mmea mwingine, wenye matunda safari hii, kwa sababu bila matunda kazi yake ilikuwa nusu. Alitaka pia mingine ya kuwapelekea wenzake wa nchi nyingine. Ule mwamba wa kwanza ulikuwa umekwisha. "Ingine iko wapi?" aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Haiko," mama akasema.

"Mama, usidanganye bwana!" Polisi akapiga fimbo chini. "Mulima yote hii, ikuwe tu pahali pamoja?"

"Haiko."

Bwana Majani akachuchumaa mbele yangu. Akatoa mfukoni penseli nyekundu, mpya kweli kweli, hii ndiyo ilikuwa mpya, imechongwa upande mmoja, na akanionyesha namna inavyochora kwenye kiganja chake. Sikuwa nimewahi kutaka kitu namna ile, na nawaambia ukweli, bado naitaka. "Weye mutoto," akasema, "ingine iko wapi?"

Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kutoa jasho, na jani lile chini ya kisigino lilikuwa limesagika. Harufu ikapanda, limau na majivu, pua yangu ikaijua mara moja. Bwana Majani akainua kichwa. Akavuta hewa. Na hapo Tate, ambaye hakuwahi kuuacha mlango wake kwa ajili ya mtu, aliinuka, akaja mpaka tulipokuwa, akapuliza moshi wa kiko chake chenye tumbaku kali kabisa kwenye uso wa wageni wote watatu, akasema huku akikohoa:

"Mukamwana wangu amesema haiko? Basi haiko. Ao munataka aizae?"

Polisi alicheka bila kutaka. Anselme aligeuka akatazama ziwa. Nami nikamwangalia mzungu machoni, jambo ambalo watoto tulikatazwa, nikasema neno la mama: "Haiko."

Penseli ikarudi mfukoni. Walipokuwa wakiondoka, Anselme alibaki nyuma hatua mbili, akamwambia mama kwa sauti ya chini, kwa heshima ambayo hakuwa nayo siku ya kwanza: "Mama, minye nimeandika vile ulisema. Kagumu. Itabakia vile." Mama akamwitikia kwa kichwa. Tate akarudi kwenye kiti chake, na hakumtega mama tena siku ile, wala hakumwuliza majani yalitoka wapi. Mpaka leo sijui alijuaje. Labda na yeye aliogeshwa.

Mdogo wangu alizaliwa mwezi ule. Aliogeshwa maji yenye kagumu na akalia kwa nguvu za kuudhi. Leo ana wajukuu, anaishi karibu na ziwa, analalamika juu ya magoti yake na kila serikali.

Tate alifariki miaka michache baadaye, kwa kifua. Mama hakuwa amelitaja jina lake hata mara moja, nilikuwa na hakika, nilikuwa nimemlinda muda wote. Nikatafuta nani basi aliyelitaja. Nikafikiri ni Anselme, kwamba ameliandika Ulaya kwa siri na mtu fulani huko amelisoma kwa sauti. Nilimchukia mtu huyo nisiyemjua kwa miezi kadhaa. Nilipomwambia mama, alinikalisha akanieleza kwamba jina halimwui mtu, ni heshima tu. Nikamwuliza mbona sasa amekufa na bado halitaji. Akasema, "Heshima haifi na muntu." Na hakulitaja mpaka siku alipokwenda yeye.

Haya yote nilimwambia Furaha, chai ikiwa imeshapoa. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Amezunguka mwaka mzima akiwauliza watu wa bonde na wa mlimani neno la mkamwana mmoja aliyekufa! Angesema karutare, wangemjibu hata watoto, walau kwamba bibi zao waliuchuma. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Kisha akaniambia jambo lililonizuia kucheka. Ule mwamba wa kwanza ulishavunjwa kokoto siku nyingi; uko ndani ya kuta za nyumba za watu, labda na za kwangu. Wavunja mawe wanapanda kila mwaka, na sasa wanaomba ruhusa ya kupanda mpaka kwenye maji yanayoanguka. Mmea ulioandikwa kwamba umetoweka haumzuii mtu yeyote. Mmea ulioandikwa kwamba upo, umebaki kidogo na uko hatarini, huo unaweza kuwasimamisha watu wenye nyundo, au walau kuwachelewesha kwenye meza za ofisi. "Mama," Furaha akasema, "kama haiko, basi batavunja yote."

Nilikaa na neno hilo. Miaka yote nililibeba kama ushindi wetu, mama na mimi. Haiko. Lilimzuia mzungu mwenye kisu. Sasa lilikuwa limegeuka, limekaa kwenye karatasi za wasomi, linawafungulia njia wenye nyundo. Sikuwa tayari neno la mama yangu lifanye kazi hiyo.

Tulipanda siku iliyofuata. Msiniulize magoti yangu yalisema nini, niliyaambia yanyamaze. Furaha alitaka kunishika mkono nikamkatalia, kisha nikakubali. Sikuwa nimefika pale tangu ujana wangu na niliogopa, naisema wazi, niliogopa kwamba nitamfikisha mtoto wa watu mbele ya ukuta mtupu na wasomi watakuwa wamesema kweli. Tulipita nyuma ya maji tukalowa. Giza kidogo, baridi. Halafu harufu.

Ilikuwepo. Si mingi kama zamani, imejibana kwenye nyufa za juu, lakini imelala kwenye mwamba wake na ulimi mweupe nje, kana kwamba inamcheka kila mtu aliyeiandikia msiba. Furaha alipiga magoti, kama yule mzungu, ila yeye hakutoa kisu. Aliniomba ruhusa ya jani moja. Nililichuma mimi mwenyewe, la chini, lililokwisha kuzeeka, nikampa.

Alifungua daftari lake juu ya goti. "Jina, Mama?"

"Karutare," nikasema kwa sauti, nami nikasikia ukuta ukinirudishia. Hakuna aliyekufa. "Andika na kagumu pia. Usiifute. Hakukukuwa na kosa pale. Ni heshima ya mama yangu, ikae mu kitabu yenu."

"Pahali?"

"Andika Uvira."

"Uvira ni kubwa, Mama."

"Njo maana."

Akacheka, akaniambia kwamba hata wao siku hizi huficha mahali pa mimea iliyobaki michache, ili wenye kuiba wasiifikie. Siku hizi! Nikamwambia mama yangu alianza kazi hiyo kabla mama yake yeye hajazaliwa, tena bila mshahara na tumbo la miezi minane.

Ikabaki nafasi moja ya mwisho kwenye ukurasa, ya hali ya mmea. Furaha aliishikia kalamu hewani, akaanza kunieleza kwamba kuna maneno maalumu ya kuchagua, na kwamba wakubwa wake ndio watakaoamua. Nikaichukua kalamu mkononi mwake. Ilikuwa nyeusi, si nyekundu, lakini sikuwa na muda wa kuchagua. Kwa ule mwandiko wangu wa shule ya masista, taratibu, herufi kubwa, maji yakinidondokea shingoni, nikaandika mwenyewe: IKO.